Uvumilivu tunao, utulivu je?

Wadau, Septemba 2025 dunia ya mbio za baiskeli ilihamia kwa jirani zetu. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 ya mwezi huo, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Mashindano haya yalianza mwaka 1921, na kwa miaka yote hiyo hayakuwahi kukanyaga Afrika. Kutoka Kigali mpaka daraja la Rusumo, pale unapoingia wilaya ya Ngara, ni safari ya nusu siku kwa basi, ukihesabu na foleni ya mpakani.

Nataka kuanza na watu wawili waliokuwa Kigali wiki ile, maana wao ndio walionisukuma kuandika haya. Wa kwanza ni Tadej Pogačar wa Slovenia, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mwendesha baiskeli bora wa kizazi hiki. Jumapili ya tarehe 21 zilikuwa mbio za kupambana na saa, ambapo kila mmoja anaondoka peke yake. Pogačar aliondoka dakika mbili na nusu kabla ya Remco Evenepoel wa Ubelgiji. Evenepoel akamkuta barabarani na kumpita mbele ya macho ya dunia nzima. Pogačar akamaliza wa nne. Kwa mtu wa hadhi yake hiyo ni aibu.

Wiki moja baadaye, tarehe 28, zikaja mbio kubwa za barabarani: kilomita 267.5 juu na chini ya vilima vya Kigali. Waliomaliza walikuwa 30 tu, kati ya zaidi ya 160 walioanza. Mara hii Evenepoel ndiye aliyepatwa. Baiskeli yake ilipata hitilafu, akabadilisha, ile mpya nayo haikumkaa sawa, ikabidi asimame tena kando ya barabara kungoja nyingine. Kila aliyekuwa anatazama aliona hasira zake. Lakini alipanda, akafukuza, akamaliza wa pili, dakika 1 na sekunde 28 nyuma ya mshindi. Na mshindi alikuwa nani? Pogačar yule yule aliyeaibishwa Jumapili iliyotangulia, na kilomita 66 za mwisho alikimbia peke yake.

Misuli ya watu hawa haikubadilika sana ndani ya siku saba. Kilichowafanya warudi ni kitu cha kichwani, na kwa Kiswahili tuna neno lake zuri: utulivu. Swali langu leo ni dogo lakini linatuhusu sisi watu wa Ngara na Biharamulo moja kwa moja: utulivu huu unatoka wapi?

Baiskeli tunazijua

Anayeijua Ngara anajua kwamba baiskeli kule ni mali, na wengi hawaifikirii kama mchezo. Ni mikungu ya ndizi iliyofungwa kwenye keria mpaka huoni mtu aliyeko mbele. Ni gunia la maharage, madumu ya maji, mgonjwa anayepelekwa zahanati, bibi harusi, jeneza. Kwenye mpando mwenye baiskeli anashuka na kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma kwenye mzigo. Kwenye mteremko anapanda na kuomba breki zisimtupe. Ukitoka Ngara ukashuka kuelekea Biharamulo, ukapita Nyakahura na Lusahunga, nchi inatulia kidogo lakini baiskeli haziishi. Jirani zetu wa Burundi wamekwenda mbali zaidi: wabeba ndizi wa kule wanajulikana kwa kuning'inia nyuma ya malori kwenye mipando mirefu ili wapumzishe miguu. Ni hatari tupu, lakini ndiyo kazi.

Kwa hiyo mbio za Kigali zilipooneshwa, hoja ilikuwa rahisi kutabirika. Miguu si tunayo? Milima si ile ile? Shida si tumezizoea? Sasa mbona Mnyarwanda anajulikana kwenye baiskeli na sisi hatusikiki?

Hoja hii imejengwa juu ya imani moja ambayo naona ndiyo inayotupoteza. Imani yenyewe ni kwamba mtu aliyezoea shida ana kichwa kigumu, na mwenye kichwa kigumu hatishiki kwenye mashindano. Sisi waandishi wa habari za michezo tunaipenda sana. Mwanariadha akishinda, aya ya kwanza ni umaskini wa kwao, na aya ya pili ni kilomita alizotembea kwenda shule.

Akhwari na maneno mawili tunayoyachanganya

Tanzania tuna shujaa wa michezo ambaye dunia nzima inamheshimu, naye alimaliza wa mwisho. John Stephen Akhwari, Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968. Alianguka kwenye marathoni, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani baada ya saa 3 na dakika 25, giza limeshaingia, wa 57 kati ya 57 waliomaliza. Wengine 18 walioanza naye hawakumaliza kabisa.

Ile ni heshima kubwa na sina la kuipunguza. Lakini tuipe jina lake. Alichoonesha Akhwari siku ile ni uvumilivu. Uvumilivu ni kubeba maumivu bila kuacha. Utulivu ni kitu kingine. Ni kuwa na akili yako yote wakati kila kitu kinakuambia uipoteze: kuona, kupima, kuchagua, na kuchagua sawasawa katika sekunde mbili.

Unaweza kuwa na kimoja bila kingine. Mbeba ndizi wa Ngara ana uvumilivu wa kutosha kugawa kwa wilaya tatu. Wahenga wakasema mvumilivu hula mbivu, na ni kweli. Lakini kwenye mbio za baiskeli mvumilivu asiye na utulivu anabeba mzigo mpaka karibu na mwisho, halafu wengine wanamtoka.

Kwa nini kwenye baiskeli zaidi kuliko kwenye kukimbia? Kwa sababu ya upepo. Anayeendesha nyuma ya mwenzake, karibu kabisa, anaokoa takriban robo hadi theluthi ya nguvu ambazo angetumia akiwa mbele. Mbio zote zinajengwa juu ya jambo hilo moja. Watu 150 wanakwenda kilomita 50 kwa saa, tairi la mbele likiwa sentimita chache tu kutoka tairi la nyuma la mwenzake. Mwenye hofu anajiweka mkiani au pembeni. Pembeni anakula upepo. Mkiani, kila kona wenzake wanapofunga breki yeye anafunga mara mbili, halafu anakimbizana kuwafikia. Baada ya saa nne amemaliza nguvu zake kwa vitu ambavyo hakuna aliyemlazimisha.

Kisha kuna kula. Mbio za saa sita zinataka mtu ale na kunywa akiwa bado hana njaa wala kiu, na aliyepaniki anasahau. Kuna mteremko, ambapo kidole kimoja cha ziada kwenye breki kinakutoa kwenye kundi. Na kuna uamuzi mgumu kuliko yote: mpinzani anapochomoka mbele, umfuate au umwache? Akili iliyotulia inaweza kumwacha. Yenye wasiwasi inakimbilia kila anayechomoka, mpaka yule wa kweli anapoondoka miguu imekwisha.

Utulivu wa kufanyia mazoezi

Hebu turudi nyuma kidogo, kwa sababu historia ya mbio hizi ina mifano ya wazi.

Tarehe 23 Julai 1989, Paris, siku ya mwisho ya Tour de France. Greg LeMond wa Marekani alikuwa sekunde 50 nyuma ya Laurent Fignon wa Ufaransa, na zimebaki kilomita 24.5 tu za kupambana na saa. Wachambuzi waliona haiwezekani. LeMond alifanya jambo moja la ajabu: aliwaambia watu wa timu yake wasimpigie kelele za muda. Hakutaka kujua yuko mbele au nyuma, alitaka kuendesha tu. Akashinda Tour kwa sekunde 8, na mpaka leo hakuna Tour iliyoamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Ndiyo, alikuwa na vishikio vya kisasa vilivyompunguzia upepo, na hilo limeandikwa sana. Lakini pia alijua ni taarifa gani ingemsaidia na ipi ingemchafua.

Mfano wa pili ni Olimpiki ya Athens, mwaka 2004, mbio za kilomita moja ndani ya uwanja. Chris Hoy wa Uingereza alipangwa kuondoka wa mwisho. Akakaa pale akiangalia wapinzani wake wakitoa muda bora mmoja baada ya mwingine, mpaka Arnaud Tournant wa Ufaransa akaweka dakika 1 na sekunde 0.896. Mwingine angeanza kubadilisha mpango wake hapo hapo kwenye kiti. Hoy alikuwa amefanya kazi na Steve Peters, daktari wa magonjwa ya akili wa timu ya Uingereza, na hali hii hasa walishaijadili kabla: utafanyaje wakivunja rekodi mbele yako? Jibu lilishapatikana wiki nyingi kabla ya swali kuulizwa. Hoy akaenda dakika 1 na sekunde 0.711 na kuchukua dhahabu.

Umeona mfanano? Wote wawili walikuwa wamepanga. Utulivu wao haukushuka kutoka mbinguni asubuhi ya mashindano, na haukutokana na kuzoea shida. Ulitengenezwa, kama gurudumu linavyonyooshwa, spoku moja moja.

Shida inakula miguu

Sasa tuje kwenye ushahidi unaoivunja kabisa imani yetu. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Samuele Marcora walichapisha jaribio walilofanya kwa watu 16. Siku moja mtu alifanya kazi nzito ya akili kwa dakika 90 mfululizo mbele ya kompyuta, siku nyingine akatazama filamu za kawaida kwa muda huo huo. Baada ya hapo akapandishwa kwenye baiskeli ya mazoezi, akatakiwa kukanyaga mpaka ashindwe. Waliotazama filamu walidumu wastani wa sekunde 754, yaani dakika 12 na nusu hivi. Akili ilipokuwa imechoka, walidumu sekunde 640, hazifiki dakika 11.

Mapigo ya moyo na vipimo vingine vya mwili havikuonesha kwamba mwili ulichoka zaidi. Kilichobadilika ni jinsi kazi ile ile ilivyohisiwa: ilikuwa nzito tangu dakika ya kwanza.

Ndugu yangu, lipeleke jaribio hilo Ngara. Chukua kijana mwenye miguu ya chuma ambaye usiku mzima anahesabu: ada ya mdogo wake, deni la duka la dawa, mvua iliyochelewa, tairi lililokwisha. Huyo hajatazama kompyuta kwa dakika 90. Amefanya hesabu nzito kwa miaka 10. Tukimwambia shida zimemkomaza tunamsifia, lakini tunamdanganya. Shida zimemfundisha kuvumilia, na wakati huo huo zinakula sehemu ile ile ya akili ambayo mbio zinaihitaji.

Kutoka Benaco hadi London

Hapa ndipo historia ya Ngara inapoingia, na ni historia nzito.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa ghafla moja ya kambi kubwa kuliko zote duniani. Wazee wa Ngara na Biharamulo wanakumbuka misitu iliyogeuka kuni, malori ya misaada, na barabara ambazo usalama wake ulipotea kwa miaka. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakarudishwa kwao. Kama mateso yangekuwa chuo cha utulivu, basi Benaco ingetoa mabingwa wa dunia wa kila mchezo.

Ng'ambo ya mto, kwenye ukanda ule ule wa mashariki, Rwamagana, kulikuwa na mtoto wa miaka saba anayeitwa Adrien Niyonshuti. Katika mauaji ya kimbari ya 1994 alipoteza ndugu zake sita. Miaka 18 baadaye, London 2012, alibeba bendera ya Rwanda kwenye ufunguzi wa Olimpiki na akashiriki mbio za baiskeli za milimani, akamaliza wa 39.

Magazeti mengi duniani yaliandika hadithi hii kwa mtindo ule ule: aliyepitia yale, mlima gani utamtisha? Mimi naona hadithi hiyo inaruka sehemu ya katikati, na ya katikati ndiyo yenye jibu. Mwaka 2007, Niyonshuti alikuwa Afrika Kusini kwenye Cape Epic, mbio za siku nyingi za milimani, akishirikiana na Jonathan Boyer, aliyekuwa Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France mwaka 1981 na ambaye alikwenda Rwanda kujenga timu ya taifa. Mwaka 2009 Niyonshuti akasajiliwa na timu ya kulipwa ya MTN ya Afrika Kusini. Kati ya hapo na London kuna miaka ya baiskeli inayofaa, chakula cha uhakika, mshahara, na zaidi ya yote mbio nyingi: za kuanguka, za kuachwa, za kumaliza katikati. Alipofika London, kundi la wageni wenye baiskeli za gharama halikuwa jambo geni kwake.

Angalia na nchi nzima. Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, lakini iliingia kwenye kalenda ya kimataifa mwaka 2009. Kuanzia 2009 hadi 2013, miaka mitano, washindi wote walikuwa wageni: Morocco, Eritrea, Marekani, Afrika Kusini mara mbili. Kisha mwaka 2014 akashinda kijana wa nyumbani, Valens Ndayisenga. Mwaka 2015 Jean Bosco Nsengimana. Mwaka 2016 Ndayisenga tena. Mwaka 2017 Joseph Areruya. Mwaka 2018 Samuel Mugisha. Miaka mitano ya kufungwa, miaka mitano ya kufunga. Milima ya Rwanda haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba vijana walikuwa wamekutana na wageni mara nyingi kiasi kwamba wageni hawakuwa tena wageni.

Na mashindano yalipopandishwa daraja mwaka 2019, zikaja timu kubwa zaidi na ushindi ukarudi nje, kwa Merhawi Kudus wa Eritrea. Kwa hiyo hata utulivu una ngazi, na kila ngazi inataka mazoea yake.

Tena Eritrea wenyewe si bahati. Mbio za kuzunguka nchi yao zilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1946, na baiskeli imekuwa mchezo wa mitaani Asmara kwa vizazi. Humo akatoka Biniam Girmay, ambaye Julai 2024 alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France, akashinda tatu kwa jumla. Katika hatua ya 16, kuelekea Nîmes, alianguka karibu na mwisho na kuumia. Hakujaribu kuokoa kila kitu siku iliyofuata. Akalinda pointi zake, akafika Nice na jezi ya kijani. Kijana wa mji wenye mbio anajua kwamba kuanguka ni sehemu ya wiki ya kazi.

Mtoto wa Nairobi na kichocho

Mfano wangu wa mwisho wa baiskeli ni Chris Froome, mshindi wa Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na aliyemfundisha baiskeli ni David Kinjah, Mkenya mwenye rasta, kwenye vilima vya Kikuyu.

Mwaka 2006 Froome alikwenda Salzburg, Austria, kwenye mashindano ya dunia ya vijana akiwakilisha Kenya, karibu peke yake, bila timu ya kumhudumia. Mbio za kupambana na saa zilipoanza tu, akamgonga msimamizi wa mashindano na wote wakaanguka. Dunia ikacheka. Mtu angesema huyu hana kichwa cha mbio. Kumbe hakuwa na mazoea ya barabara za kule, basi.

Miaka iliyofuata matokeo yake yalipanda na kushuka bila mpangilio: leo yuko na wakubwa, kesho anaachwa. Mwaka 2010 ikagundulika kwamba ana kichocho. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuelezwa kichocho ni nini. Alipotibiwa na kufuatiliwa, mwaka 2011 akapata nafasi ya pili kwenye Vuelta ya Hispania, na mwaka 2019 ushindi wa mbio zile ukahamishiwa kwake baada ya aliyeshinda kunyang'anywa. Somo ni hili: kabla hujamwambia kijana kwamba moyo wake ni mdogo, mpime damu, mkojo na choo. Mara nyingine kinachoitwa woga ni minyoo.

Halafu kuna tukio la Mont Ventoux, tarehe 14 Julai 2016. Froome akiwa na jezi ya njano, pikipiki zikasimama ghafla kwa sababu watu walijaa barabarani, akaigonga, baiskeli ikavunjika. Gari la timu liko mbali nyuma. Akafanya kitu ambacho hakijawahi kuonekana: akaanza kukimbia kwa miguu mlimani, na viatu vya baiskeli. Wengi walicheka, wakasema amechanganyikiwa. Mimi naona tofauti. Aliyechanganyikiwa husimama, hupiga kelele, hutupa kofia. Yeye aliona mita mbele yake zinazoweza kupunguzwa, akazipunguza, mpaka alipopewa baiskeli. Waamuzi wakamrudishia muda wake, akabaki na jezi, akaipeleka Paris. Ni yule yule wa Salzburg, ila katikati yao kuna miaka 10 ya mbio.

Sasa Ngara na Biharamulo

Atakayesema mifano yote ni ya wageni, nimpe wa kwetu, ingawa wa miguu. Tarehe 15 Septemba 2025, siku sita kabla ya Kigali, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, tofauti ikiwa sehemu 3 za mia za sekunde. Baada ya kilomita 42 nyuma ya wakubwa, Simbu hakukaza shingo, alifyatuka wakati Petros ameshaona utepe. Lakini Simbu alikuwa wa tano Rio mwaka 2016, wa tatu London mwaka 2017, wa pili Boston Aprili 2025. Dhahabu ile ilimchukua karibu miaka 10 ya kukaa kwenye makundi ya mbele.

Kwa hiyo tunapouliza mbona Ngara haina bingwa wa baiskeli, tusianze na miguu wala moyo. Tuulize kijana wa Rulenge au Nyakahura ameshiriki mbio ngapi. Mwanza iliwahi kuwa na mashindano ya baiskeli yenye mdhamini, na watu walijitokeza. Kule kwetu, kijana anaweza kupanda mlima na mikungu mitano kila siku mpaka azeeke bila kuwekwa hata mara moja kwenye mstari wa kuanzia pamoja na wenzake 40. Kwenye mteremko wake wa kila siku ametulia kuliko Pogačar, kwa sababu anajua kila shimo. Mtoe pale, mweke katikati ya kundi, na atakuwa mgeni kama Froome wa Salzburg.

Ninachopendekeza si uwanja wala kocha kutoka Ulaya. Halmashauri mbili, barabara ya lami iliyopo tayari, askari wa usalama barabarani asubuhi ya Jumapili moja kila mwezi, baiskeli hizo hizo za keria, maji, ndizi mbivu, na mganga wa kupima kichocho na malaria kabla ya kuanza. Mwaka mmoja una mbio 12. Miaka mitano ina mbio 60. Mtu aliyeanguka, aliyeachwa na aliyeshinda ndani ya mbio 60 hatatetemeka akivuka Rusumo kwenda kushindana na Wanyarwanda. Pengine atashindwa, lakini ataendesha akiwa na akili yake yote.

Uvumilivu tulirithi, tena kwa bei kubwa. Utulivu lazima tuupangie ratiba.

Naomba kutoa hoja.